Mkono wangu wa kushoto hauna mapigo: ugonjwa wa Takayasu ni nini, na je, niache prednisoloni?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 27. Kwa miaka miwili nimetibiwa presha ambayo haishuki vizuri, huku nikiwa na homa za kuja na kuondoka na uchovu usioisha. Mwezi uliopita daktari mpya alinipima mikono yote miwili. Wa kulia ulisoma 168 kwa 96, wa kushoto 104 kwa 70, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto hakupata mapigo kabisa. Picha ya CT ilionyesha kuta za mishipa mikubwa zimenenepa, na mshipa wa figo moja umebanwa. Nimeambiwa ni ugonjwa wa Takayasu. Natumia prednisoloni vidonge nane vya miligramu 5 kila asubuhi, sasa ni wiki ya tano. Homa imeisha na nguvu zimerudi, ila uso umevimba na usingizi umepotea. Je, nimepona? Naweza kuacha dawa? Ni kitu gani hasa kimeharibu mishipa yangu, na nitaweza kuzaa?

Jibu: Marahaba dada, na pole sana kwa miaka miwili ya kuhangaika. Naanza na swali ambalo haliwezi kusubiri. Usiache prednisoloni, na usipunguze hata nusu kidonge kwa uamuzi wako mwenyewe. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi mbili ndizo zinazotengeneza kotisoli, homoni ambayo prednisoloni inafanana nayo na kufanya kazi yake. Dawa ikiingia kila siku kwa wiki kadhaa, tezi zinalegea kwa kuwa hazina tena la kufanya. Ukikata ghafla, mwili unabaki bila kotisoli ya dawa wala ya kwake: presha inaporomoka, kichefuchefu na kutapika vinaanza, sukari inashuka, na mtu anaweza kupoteza fahamu na hata kufa. Ndiyo maana dawa hii hupunguzwa kwa ngazi, hatua ndogo ndogo, kwa miezi mingi.

Ipo na sababu ya pili, na hiyo nitaikalia zaidi, kwa sababu nimeona wagonjwa wengi wakiumia kwa kutoijua. Nafuu unayoisikia mwilini na hali ya kuta za mishipa yako ni mambo mawili yanayoweza kwenda njia tofauti kabisa.

Tuanze na hiyo mishipa. Ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuipeleka mwilini, si mabomba matupu. Ukuta wake una tabaka tatu. La ndani ni laini na linagusana na damu. La kati ni nene, lina misuli na nyuzi zinazovutika, ndilo linalotanuka moyo unaposukuma na kurudi moyo unapopumzika. La nje ni ganda la tishu ngumu. Kwenye ateri kubwa ukuta ni mnene kiasi kwamba damu inayopita ndani haiwezi kuulisha wote, kwa hiyo ukuta wenyewe una vimishipa vyake vidogo mno vinavyoingia kutokea nje. Kwa kadiri tunavyoelewa, ugonjwa wako huingia kwa njia hiyo. Askari wa kinga ya mwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu, wanapita kwenye vimishipa hivyo, wanatulia ndani ya ukuta na kuanza vita pasipo na adui. Hali hiyo ya tishu kuvimba, kupata joto na kujaa chembe za kinga ndiyo tunaiita mchochota, na wengi hospitalini utawasikia wakisema inflamesheni.

Mchochota ukikaa muda mrefu, ukuta unajibu. Tabaka la ndani linaota na kunenepa kuelekea katikati ya mshipa, njia ya damu inapungua, na kinachobaki mwisho ni kovu. Mara nyingine vita inakwenda kasi, tabaka la kati linaliwa kabla kovu halijajengeka, na badala ya kubana mshipa unalegea na kutuna kama puto. Kwa hiyo picha ya mgonjwa mmoja inaweza kuonyesha sehemu zilizobanwa, zilizoziba kabisa na zilizotuna. Ugonjwa huu unapenda aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, pamoja na matawi yake makubwa: ya mikono, ya shingo yanayolisha ubongo, ya figo, wakati mwingine ya moyo wenyewe na ya mapafu. Tawi la mkono wa kushoto, linalopita chini ya mfupa wa mtulinga, ndilo linaloguswa mara nyingi kuliko mengine. Wewe si wa ajabu hapo.

Jina linatokana na Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani. Mwaka 1905 aliwaeleza madaktari wenzake habari za mwanamke wa miaka 21 ambaye nyuma ya jicho lake vimishipa vya damu vilikuwa vimeungana na kuzunguka kama taji. Wenzake wawili, Onishi na Kagoshima, wakasema nao wamewaona wagonjwa wenye macho ya namna hiyo, na kwamba wagonjwa hao hawakuwa na mapigo mikononi. Macho na mikono vilihusianaje? Mishipa ya shingo ilikuwa imebanwa, jicho limekosa damu ya kutosha, na jicho kwa kujitetea likaotesha vimishipa vya dharura. Tangu hapo watu wengi wameuita ugonjwa huu ugonjwa wa kukosa mapigo. Unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, wengi wao kati ya miaka 10 na 40, na hakuna bara lisilo na wagonjwa wake.

Umeuliza nini kimesababisha. Hukuambukizwa na mtu, na hutamwambukiza mtu. Hakuna chakula ulichokula wala kazi uliyofanya iliyoleta hili. Kuna urithi fulani wa kinga ya mwili, alama iitwayo HLA-B52, unaoonekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa watu wengine, lakini wenye alama hiyo walio wengi hawaugui kamwe, na wagonjwa wengi hawana alama hiyo. Ni kiberiti kisichowaka peke yake. Kuhusu kifua kikuu, kwa miaka mingi madaktari wameshuku kwamba kinahusika, maana wagonjwa wengi walikutwa waliwahi kukiugua. Uhusiano huo haujathibitishwa. Hata hivyo kukichunguza ni lazima kwa sababu nyingine: prednisoloni hulegeza kinga, na kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Kaswende nayo ipimwe, kwa kuwa inaweza kuharibu aota kwa namna inayofanana na hii machoni pa mpiga picha. Kama vipimo hivyo viwili hukufanyiwa, viulizie kliniki ijayo.

Sasa turudi kwenye ile miaka miwili. Homa, uchovu, na pengine maumivu ya viungo na kupungua uzito, ndivyo ugonjwa huu unavyoanza kwa wengi, na ndiyo sababu unachelewa kutambuliwa: dalili hizo ni za magonjwa mia. Wengine husikia maumivu ubavuni mwa shingo wakiugusa, pale ateri inapopita, wakadhani ni koo. Baadaye inakuja hali ya mkono kuchoka kwa namna isiyo ya kawaida. Mgonjwa anachana nywele, mkono ukiwa juu, na baada ya dakika moja unakuwa mzito, unauma, hana budi kuushusha. Akiupumzisha kidogo unapona. Misuli inadai damu ambayo mshipa uliobanwa hauwezi kuileta kwa kasi hiyo. Nadhani ukifikiria vizuri utakumbuka siku za namna hii.

Unaweza kujiuliza mbona mkono wako wa kushoto bado una uhai, ni wa moto na unafanya kazi, ilhali hauna mapigo. Hapa mwili unastahili sifa. Mshipa ukibanwa polepole, vimishipa vidogo vya pembeni vinatanuka mwaka hadi mwaka na kuwa njia za mzunguko, kama maji yanavyotafuta pa kupita mto ukizibwa. Damu inafika, lakini inafika taratibu, bila ile nguvu ya kusukuma kidole cha daktari. Mara nyingine njia hizo zina gharama: mkono ukifanya kazi nzito, damu huvutwa kutoka kwenye mshipa unaopanda kisogoni, ubongo unanyang'anywa kidogo, na mtu anasikia kizunguzungu. Kama kizunguzungu chako kinakuja ukitumia mkono wa kushoto, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo.

Na presha? Hiyo ilitoka kwenye figo. Kazi mojawapo ya figo ni kupima nguvu ya damu inayoifikia. Mshipa wake ukibanwa, figo inaona damu haba na haina njia ya kujua kwamba kasoro iko mlangoni mwake tu. Inadhani mwili mzima umeishiwa. Inatoa kemikali iitwayo renini, mishipa ya mwili mzima inakaza, chumvi na maji vinazuiwa, presha inapanda. Ndiyo maana vidonge vya kawaida vilishindwa miaka miwili: figo ilikuwa inasukuma upande wa pili. Hapa pana tahadhari. Dawa za presha ambazo majina yake huishia na "-prili" au "-satani" zinafanya kazi vizuri mno dhidi ya renini, lakini kama mishipa ya figo zote mbili imebanwa zinaweza kudhoofisha utendaji wa figo. Daktari akikupa mojawapo, damu ipimwe kreatinini, yaani taka inayoonyesha figo zinasafishaje, pamoja na potasiamu, ndani ya wiki moja au mbili.

Nataka sasa nikueleze jambo la kipimo cha presha, kwa kuwa kwako wewe ni suala la uhai. Niliwahi kumpokea mgonjwa, mwanamke wa umri kama wako, aliyekuja na cheti kinachosema presha 84 kwa 60. Alikuwa amewekewa maji ya mshipani mara tatu sehemu tofauti, kwa kuwa kila aliyempima aliona presha imeshuka. Alikuwa anahema, miguu imejaa, kichwa kinampasuka. Muuguzi alifunga mkanda mkono wa kulia: 84. Akafunga wa kushoto: mashine ikajaza upepo, ikatoa, ikajaza tena, ikaandika kosa. Akasema mashine mbovu. Tukamlaza, tukafunga mkanda mpana pajani na kusikiliza nyuma ya goti. Ilikuwa 210 kwa 120. Mishipa ya mikono yote miwili ilikuwa imebanwa, na moyo wake ulikuwa ukisukuma dhidi ya presha ambayo hakuna aliyeiona, huku watu wema wakimwongezea maji. Alipona baada ya kutibiwa presha ile ya kweli. Kawaida tofauti kati ya mikono miwili haizidi 10 au zaidi kidogo. Wewe una tofauti ya 64. Namba ya kushoto ni uongo wa mshipa uliobanwa. Na ya kulia tunaiamini tu kama picha imeonyesha kwamba mshipa wa upande huo hauna kasoro. Muulize daktari wako swali hilo moja kwa moja, kisha uombe upimwe miguuni angalau mara moja ili kulinganisha.

Sasa niseme kuhusu nafuu yako. Prednisoloni ni dawa yenye nguvu sana ya kuzima mchochota. Homa, uchovu na maumivu ya viungo huletwa na kemikali zinazomwagwa na chembe za kinga, na kemikali hizo hupungua haraka, mara nyingine ndani ya siku chache. Mgonjwa anajisikia mtu mpya. Ndani ya ukuta wa aota mambo huenda polepole zaidi. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 waliowafuatilia kwa miaka mingi. Katika wale waliofanyiwa upasuaji wa mishipa wakati ugonjwa ukionekana umetulia, vipande vya mshipa vilipowekwa chini ya hadubini, asilimia 44 vilikuwa bado na mchochota. Mtu mzima wa sura, vipimo vizuri, na ukuta ungali unawaka.

Kwa sababu hiyo hiyo usishangae daktari akikataa kutegemea damu peke yake. Vipimo vya ESR na CRP vinaonyesha kiasi cha mchochota mwilini na ni vizuri kuvifuatilia, lakini ugonjwa unaweza kuwa hai huku viko kawaida, na vinaweza kupanda kwa mafua tu. Uamuzi wa haki unakusanya mambo manne: wewe unasikiaje, mapigo na presha za mikono na miguu zikoje, damu inasema nini, na picha inaonyesha nini ikilinganishwa na ya zamani. Picha ya MRI haina mionzi, kwa hiyo kwa msichana atakayepigwa picha kwa miaka mingi napendelea hiyo pale inapopatikana. Ultrasaundi ni nzuri kwa mishipa ya shingo na ya mikono, na mpimaji hodari anaweza kuuona ukuta ulionenepa ukizunguka njia ya damu kama pete. Haifiki vizuri kwenye aota ya kifuani. Tunza diski ya CT yako ya kwanza kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa. Kila picha itakayokuja itasomwa kwa kulinganishwa na hiyo.

Matibabu yana kazi mbili, na ukizichanganya utakata tamaa bure. Kazi ya kwanza ni kuzima mchochota. Ya pili ni kushughulikia uharibifu uliokwisha kutokea. Dawa inaweza kuzima moto, na ukuta uliovimba kwa mchochota mpya unaweza kupungua unene. Kovu la zamani halirudi kuwa mshipa. Kwa hiyo yawezekana ukatibiwa vizuri kabisa na bado mapigo ya kushoto yasirudi. Hilo halitakuwa kushindwa kwa dawa. Tunachopigania ni mishipa ambayo bado haijaguswa.

Mwongozo wa EULAR, shirikisho la Ulaya la wataalamu wa magonjwa ya baridi yabisi, unapendekeza kuanza na prednisoloni miligramu 40 hadi 60 kwa siku ugonjwa ukiwa hai, kushuka hadi 15 au 20 ndani ya miezi miwili au mitatu, na kufika 10 au chini ya hapo mwaka ukiisha. Wewe uko 40, kwa hiyo uko mahali panapotarajiwa. Kinachonipa wasiwasi ni kwamba hukutaja dawa ya pili. Prednisoloni ikiwa peke yake, wagonjwa wengi ugonjwa unawarudia dozi ikishuka, ndiyo maana mwongozo huo unataka iunganishwe mapema na dawa nyingine ya kutuliza kinga. Methotrekseti ndiyo inayotumika sana, azathioprini au maikofenoleti pia. Zikishindwa kuna dawa za sindano zinazozuia kemikali mahsusi za mchochota, kama adalimumabu, infliksimabu na tosilizumabu. Hizi ni ghali, na kabla ya kuzianza lazima kifua kikuu kilicholala na homa ya ini ya aina B vitafutwe. Tosilizumabu ina tabia yake: inazuia ini kutengeneza CRP, kwa hiyo kipimo hicho kinakuwa kizuri hata kama ugonjwa unaendelea. Anayeitumia asifurahie CRP.

Ukiandikiwa methotrekseti, sikiliza hili kwa makini. Inamezwa mara moja kwa wiki. Kila mwaka duniani kuna watu wanaoimeza kila siku kwa makosa, uboho wa mifupa unashindwa kutengeneza damu, midomo inajaa vidonda, wengine wanafariki. Chagua siku moja, iandike kwenye pakiti kwa kalamu nene. Siku nyingine utapewa asidi ya foliki kupunguza madhara. Damu na ini vipimwe mara kwa mara.

Kuhusu kupanua mshipa kwa puto, kuweka stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi, au kushona mshipa wa kupitisha damu pembeni: vyote vipo, na mshipa wa figo ndio unaoombewa hivyo mara nyingi. Lakini kufanya hivyo ukuta ukiwa bado na mchochota ni kama kupaka rangi ukuta mbichi. Mshipa unajifunga tena. Tunasubiri ugonjwa utulie, isipokuwa kama kuna hatari isiyongoja, mfano figo inakufa au presha haishuki kwa dawa zozote. Mkono wa kushoto, kama haukusumbui katika kazi zako, mara nyingi tunauacha na njia zake za mzunguko. Mtu akikuharakisha kwenye upasuaji wiki hii, omba maoni ya mtaalamu wa pili.

Uso kuvimba na kukosa usingizi ni kazi ya prednisoloni. Najua vinavyoumiza, hasa unapojitazama kwenye kioo na kumwona mtu mwingine. Uso unarudi dozi inaposhuka. Imeze asubuhi mapema, pamoja na chakula; ukiichelewesha hadi mchana, usingizi utaharibika zaidi ya sasa. Punguza chumvi, maana dawa inashikilia maji na presha yako haihitaji msaada huo. Njaa itakudanganya, kwa hiyo panga milo badala ya kula kila inapobisha hodi. Sukari ya damu ipimwe, macho yakaguliwe kila mwaka kwa ajili ya mtoto wa jicho na presha ya macho, na mifupa ilindwe kwa kalisi na vitamini D. Homa yoyote ukiwa kwenye dawa hizi isisubiri kesho. Chanjo za vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama ya homa ya manjano, usipewe bila daktari wako kujua unatumia nini. Na siku ukitapika vidonge au ukihitaji upasuaji wowote, waambie unatumia prednisoloni, kwani dozi huenda ikahitaji kuongezwa, si kusimamishwa.

Sigara, kama unavuta, iache leo. Mishipa iliyopata mchochota inashikwa na mafuta mapema kuliko ya watu wengine, na huna mishipa ya akiba.

Kuzaa, ndiyo, inawezekana. Wanawake wengi wenye Takayasu wamejifungua watoto wazima. Ugonjwa hauharibu kizazi. Kinachotakiwa ni mipango, na mipango inaanza sasa, kabla ya ujauzito. Ugonjwa uwe umetulia kwa miezi sita au zaidi. Presha iwe imeshikika, kwa sababu hatari kubwa kwako ni presha kupanda kupita kiasi, kifafa cha mimba, na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa mdogo. Methotrekseti na maikofenoleti huharibu mimba na mtoto tumboni, kwa hiyo huachwa miezi kadhaa kabla, na azathioprini inaweza kuchukua nafasi yake. Prednisoloni ya kiwango cha chini inaendelea. Zile dawa za presha za "-prili" na "-satani" hubadilishwa pia. Kwa sasa tumia njia ya uzazi wa mpango ya uhakika, na usichague vidonge vyenye estrojeni: kwa mtu mwenye presha na mishipa iliyobanwa vinaongeza hatari ya damu kuganda. Siku ya kujifungua, wakunga wajue ni mkono gani wa kupima.

Ziko dalili chache ambazo ukiziona unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane: upande mmoja wa mwili kulegea au ulimi kushindwa kutamka, jicho kupoteza nuru ghafla hata kama inarudi, maumivu makali ya kifua au ya mgongo kama kitu kinachanika, kuhema ukiwa umelala, na mkono au mguu kuwa wa baridi, mweupe na wenye maumivu ghafla.

Je, umepona, basi? Hapana, umetulia, na ni mwanzo mzuri sana. Sehemu ndogo ya wagonjwa hupata ugonjwa huu mara moja ukaisha. Wengi unawatulia kwa miaka, ukawarudia, ukatulizwa tena, na wanafanya kazi, wanalea, wanazeeka. Kliniki ijayo uliza mambo matatu: dawa ya pili ni ipi na inaanza lini, mshipa wa mkono wa kulia ni mzima kwenye picha, na picha inayofuata ni mwezi gani. Kisha chukua karatasi ngumu, ukishapata jibu la hilo la pili, uandike: "Nina ugonjwa wa Takayasu. Presha yangu isipimwe mkono wa kushoto. Natumia prednisoloni kila siku." Iweke pamoja na kitambulisho chako, mahali ambapo mtu asiyekujua ataiona kwanza.